Jani la Isale Mezani kwa Hakimu

Watu wengi hudhani mahakama ya watoto ni mahakama ya wakubwa iliyopunguzwa, kama kiti cha chekechea kilivyo kiti cha kawaida kilichokatwa miguu. Wakija mara ya kwanza wanatafuta kizimba, hawakioni. Wanamtafuta hakimu mwenye joho, hawamwoni, halafu wanampa karani shikamoo wakidhani ndiye. Chumba chetu pale Moshi kilikuwa na meza moja ndefu, viti vya plastiki, kabati la mafaili lililogoma kufungwa, na dirisha linalotazama migongo ya maduka. Hakimu alikaa upande mmoja wa meza na shati lake la kawaida, mtoto alikaa upande wa pili, na mimi, afisa ustawi wa jamii, nilikaa karibu na mtoto. Ndivyo sheria inavyotaka, na sina ugomvi nayo kwa hilo. Kinachonikera ni kwamba sheria ilikuja, ikapanga viti vizuri, halafu ikaondoka.

Kazi yangu ni kwenda nyumbani kwa mtoto aliyeshtakiwa. Naangalia analala wapi, anakula na nani, nani anamsikiliza akiongea. Naandika taarifa ambayo hakimu anaisoma baada ya mtoto kukutwa na hatia, ili ajue amfanye nini. Aliyeiba kuku au simu nina mengi ya kumpendekezea. Lakini akiletwa mvulana aliyemgusa mtoto mwenzake isivyopasa, hapo ndipo naanza kukuna kichwa. Kuna shule ya maadilisho, iko upande wa pili wa nchi, na akifika huko atajifunza useremala. Kuna kumwachia kwa masharti chini ya uangalizi wangu, mimi ambaye nina kata nyingi kuliko miguu. Na kuna mshauri wa hospitalini anayejua kuongea na vijana wa aina hiyo, siku ambazo hayuko likizo wala semina. Zamani walichapwa viboko wakarudishwa nyumbani, na bado wako watu wazima wenye akili zao wanaoniambia, wakiwa wanakunywa chai yangu, kwamba ile ndiyo ilikuwa dawa.

Sisemi haiwezekani. Nimewaona wavulana waliopata mtu wa kukaa nao na kuwauliza maswali magumu bila kuwatukana, wakatulia, wakakua. Wengine leo ni baba za watu, na tukipishana sokoni tunasalimiana bila kukumbushana kitu. Ila ni lazima mahakama iseme, na iseme mapema, kabla watu wa nyumbani hawajalifunika jambo kwa mikono yao wenyewe.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ilitoka Machame. Mvulana alikuwa na miaka kumi na minne, msichana saba. Kwa hesabu zetu walikuwa kaka na dada, maana baba zao ni wa tumbo moja, na waliishi kwenye kihamba kimoja, lile shamba la migomba na kahawa ambalo ukoo hurithishana. Nyumba zilikuwa tatu: ya babu katikati, ya wazazi wa msichana upande wa juu, na ya tatu ilikuwa imefungwa tangu baba wa mvulana alipofariki na mama yake akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mvulana alilelewa na babu. Alikata majani ya ng'ombe, alikamua, alienda shule, na jioni alitumwa kuwaangalia wadogo.

Alichomfanyia mdogo wake sitakiandika. Msichana alikisema mara moja kwa mama yake na mara moja kwa askari wa kike pale polisi, na nadhani mara mbili zilimtosha.

Mama yake alifanya jambo ambalo mpaka leo namvulia kofia. Mumewe alikuwa dereva wa lori, siku hizo yuko ng'ambo ya mpaka. Hakumsubiri. Hakumwita baba mkwe wala mzee wa kanisa. Alimshika mtoto mkono, akateremka naye hadi Moshi, akaingia polisi na ndara zake za shambani. Ukoo ulimlaumu kwa hilo kuliko ulivyomlaumu mvulana kwa lile. Kwao kosa la mvulana lilitokea ndani ya boma, lakini la mama lilitembea barabarani, watu wakaliona.

Mvulana akawekwa mahabusu ya watoto, na mimi nikaenda kumwona. Mtu akiniuliza watoto wa kesi hizi wanafananaje, namjibu kwamba wanafanana na watoto. Huyu alikuwa na masikio makubwa, na viganja vyake vilikuwa vigumu kwa sababu ya panga la kukatia majani. Siku ya kwanza hakunijibu kitu. Siku nyingine tuliongea habari za ng'ombe, maana nami nimekulia kwenye zizi, tukabishana kuhusu ndama anayegoma kunyonya. Nilipokuwa nimekata tamaa, nimeshafunga begi langu, akaongea akiwa anatazama sakafu.

"Mama, nikirudi nyumbani, nani atanizuia?"

Nilikaa tena. Nilimwuliza kama anaogopa kwamba atarudia. Alisema hajui. Alisema siku ile pia hakuwa amepanga, na kwamba tangu hapo anajiogopa mwenyewe, halafu akanisimulia yote, taratibu, bila kujitetea, na kuna mahali alilia mpaka mlezi wa zamu akachungulia mlangoni. Nimehudhuria semina nyingi kuhusu watoto wa namna hii. Hakuna mkufunzi aliyewahi kuniambia wazi namna hiyo kinachotakiwa: mtoto azuiwe, na azuiwe na mtu anayejua kuzuia bila kumvunja.

Tangu siku ile nilitaka amri moja tu. Mjomba wa mvulana, ndugu wa mama yake, alikuwa fundi wa kuchomelea mtaa wa Majengo, pale mjini, mtu mkali kidogo lakini mwenye nyumba tulivu isiyo na watoto wadogo. Nilimwomba amchukue, akakubali kwa sharti kwamba mahakama iamuru, ili baadaye mzee wa Machame asije akamwambia amemwibia mjukuu. Nilizungumza na mshauri wa hospitalini, akakubali kumwona mvulana kila wiki. Mvulana angesoma mjini, angekaa na mjomba, na asingekanyaga kihamba mpaka mshauri na mahakama waridhike. Msichana angebaki kwao, kwenye kitanda chake, kwa mama yake, shule ileile. Hakimu nilishamdokezea, na hakukunja uso. Ila amri hiyo isingetoka hewani. Ama mvulana akiri, ama msichana aeleze mahakamani. Bila hatia hakuna masharti, na bila masharti hakuna Majengo wala mshauri.

Nilipanda Machame kukamilisha taarifa wakati wa ukungu, ule wa katikati ya mwaka unaolowesha nguo bila mvua kunyesha. Mzee alinipokea vizuri. Shikamoo yangu aliijibu kwa mikono miwili, akaniita mwanangu, akaagiza niletewe maziwa mgando. Alikuwa mrefu, mwenye koti la kanisani na viatu vya mpira vya zizini. Kabla sijatoa kalamu aliniambia nimechoka bure kupanda, kwa sababu jambo limeshaisha.

Nikajua limeisha vipi kabla hajaeleza. Mimi ni wa Kibosho, na kwetu pia isale imepandwa mipakani na makaburini, ule mmea wa majani marefu ambao wageni hudhani ni pambo la ua. Mchagga akikukosea, akakuletea jani lake lililopigwa fundo, ameweka heshima yake yote kiganjani mwako. Hukatai. Wanasema anayekataa, balaa linageuka na kumfuata yeye na nyumba yake. Baba yangu, mtu mbishi asiyemwachia jirani hata mgomba uliolalia mpaka, aliwahi kusamehe kipande kizima cha shamba kwa jani moja. Nimeona nguvu yake, siibezi.

Basi ukoo ulikuwa umekaa. Mzee wa kanisa akafungua kwa sala, wakaimba, mbuzi akachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, na mbele ya wote mzee akampelekea mkwe wake, mama wa msichana, jani. Mkwe alilipokea. Mzee alinieleza hayo kwa uso uliopumzika, kama mtu aliyetoka kumzika mgonjwa wa muda mrefu.

Nilimwambia kusamehe sipingi, lakini nani atamwangalia kijana? Akasema ukoo. Nikamwambia ukoo huamka ukaenda shambani, ukarudi jioni umechoka, na watoto wanashinda peke yao. Nilisema kwa ukali kuliko inavyofaa kumsemesha mtu wa umri ule. Hakukasirika. Aliangalia zizini, mahali ambapo mjukuu wake alikuwa akifanya kazi kabla ya kukamatwa, na macho yakamjaa machozi.

"Wote wawili ni damu yangu, mwanangu. Ulitaka nikate mkono upi?"

Nilimweleza kwamba mkono haukatwi, unatibiwa, na ndiyo maana ya Majengo na ya mshauri. Alisikiliza yote kwa adabu. Halafu akasema kwamba mtu aliyesamehewa kwa isale hapelekwi kutibiwa, maana kufanya hivyo ni kusema jani halikutosha. Nilijaribu kwa Kiswahili, nikajaribu kwa Kichagga changu cha Kibosho ambacho wa Machame hukicheka, na kote nikagonga ukuta uleule. Mzee hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinimaliza nguvu. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Mama wa msichana nilimkuta zizini kwake, anamwekea ng'ombe migomba iliyokatwakatwa. Hakuacha kazi. Nilimwuliza kwa nini alipokea, na nilipomaliza kuuliza nikaona swali lenyewe ni la mtu anayekaa mjini.

"Baba mkwe alipiga goti, mae. Na magoti yake yale. Ulitaka nifanye nini mbele ya watu wote?" Akasukuma pua ya ng'ombe pembeni. "Nilisamehe kweli. Sikusema mwanangu asilindwe."

Nikamwuliza kama atakuja mahakamani na mtoto. Akasema atakuja, wito ni wa serikali, na isale haimzuii mtu kuitika wito. Nilishuka mlima nikiwa na nguvu kidogo. Niliona bado tunalo tundu la kupitia, dogo lakini lipo.

Siku ya kesi mzee alifika mapema, amevaa lile koti, ameshika mkononi jani jipya la isale lenye fundo. Kwa kuwa ndiye mlezi wa mvulana, alikuwa na haki ya kukaa chumbani. Hakimu wetu alikuwa kijana kutoka Tabora, mtu makini, mwenye sauti ya chini ambayo watoto waliipenda. Mzee alimsogelea, akainama, akaliweka jani mezani mbele yake kwa mikono miwili. Hakimu akaniangalia. Nilimweleza kwa maneno machache ni nini. Akamwambia mzee kwa heshima kabisa kwamba kosa la namna hii sheria hairuhusu limalizwe nyumbani, lakini anaiheshimu mila yake. Hakulirudisha jani. Aliona kulirudisha ni kumvunjia mzee heshima, na kwa hilo alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Likabaki pale, kati ya faili na chupa ya maji.

Mvulana akasomewa shtaka kwa lugha nyepesi. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati jeupe lililokuja na babu. Nilikuwa nimeongea naye siku chache kabla, akaniambia atasema kweli, na nilimwamini. Hakimu akamwuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Akamwuliza kama ni kweli. Mvulana akageuza shingo, akamtazama babu yake, kisha akalitazama jani.

"Si kweli," akasema.

Sikumchukia. Nilimwona usoni kwamba hakuwa anajificha. Alikuwa amefundishwa kwamba likishasamehewa halipo, na kama halipo, basi kulikana si uongo. Babu yake aliachia pumzi kwa nguvu mpaka sote tukasikia.

Yale aliyonieleza mvulana kule mahabusu yalikuwa ya taarifa yangu, na taarifa yangu haifunguliwi mpaka mtoto akutwe na hatia. Ni kanuni nzuri. Inamlinda mtoto asije akanaswa kwa maneno aliyomwambia mtu aliyemwamini, na mimi mwenyewe nimewahi kuitetea mbele ya watu waliotaka kuipindisha. Siku ile nilitamani kuichana. Nadhani nilisogea kwenye kiti, maana hakimu alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, nami nikatulia.

Ikabaki msichana. Niliomba babu na mvulana watoke wakati mtoto anaongea, na hakimu akakubali mara moja. Wakatoka. Msichana akaingia na mama yake, amesukwa vizuri, amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Hakimu akamsalimia, akamwuliza anasoma darasa la ngapi, nani rafiki yake, kama anajua tofauti ya ukweli na uongo. Alijibu yote. Akaahidi kusema ukweli. Mwendesha mashtaka, dada mpole aliyekuwa na watoto wake mwenyewe, akavuta kiti karibu, akamwomba aeleze kilichotokea siku ile nyumbani kwa babu.

Mtoto akafungua mdomo, akaangalia mezani, akaufunga.

Tulimsubiri. Dada akauliza kwa njia nyingine, akauliza kwa njia ya tatu, akaacha kuuliza. Kule nje bajaji zilipiga honi, karani akakohoa, na mtoto akaendelea kutazama mezani kana kwamba kuna mtu amekaa pale. Ndipo nikaelewa. Babu tulimtoa, jani tukaliacha. Nikanong'ona, karani akaliondoa, akaliweka dirishani, na msichana akaligeukia dirishani.

Hakimu akatoa mapumziko. Nilimchukua mtoto barazani, nikampa maji, nikakaa chini kwenye saruji ili nisimzidi kimo. Sikumwuliza kuhusu kesi, maana hairuhusiwi, nilimwuliza tu kama kuna kitu kinamtisha. Akanong'ona kwamba jani limefunga. Mtu akilifungua tena lile jambo, babu atakufa.

Nilimwambia babu hatakufa. Nilimwambia watu wazima ndio wenye kazi ya kubeba mambo hayo, yeye hana deni na jani lolote. Alinisikiliza kwa makini, kama mtoto mzuri wa darasani, halafu akaniuliza kama mimi ni Mchagga. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kwetu tunalo.

"Tunalo," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumsikia akiahidi kusema ukweli, nikashindwa kumdanganya.

Akatingisha kichwa, akamaliza maji yake, akanirudishia kikombe. Hakuongea tena siku ile. Kesi iliahirishwa ili apewe muda, na tarehe nyingine ilipofika hakuongea vilevile, safari hiyo bila jani lolote chumbani. Mama yake alieleza alichoambiwa na mwanawe, alieleza bila kupunguza, huku akijua jioni atarudi kulala kwenye kihamba kilekile. Lakini hakuwa ameona kwa macho yake, na karatasi ya daktari haikusema kitu, kama ambavyo mara nyingi haisemi. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alisema ushahidi haukutosha, mvulana yuko huru. Alisema pia, akimtazama mzee, kwamba anawasihi watu wazima wa familia wawaangalie watoto hawa. Alisema anawasihi, na sote tulijua kwamba kusihi si kuamuru.

Mzee alitushukuru mmoja mmoja. Kwangu alisema aika, mae, yaani asante, mama, akanishika mkono kwa yake miwili, na mikono ilikuwa ya moto. Alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyewaokoa wajukuu wawili kwa mpigo.

Mvulana alibaki nyuma kidogo.

"Kwa hiyo siendi kwa mjomba?"

Nikamwambia haendi. Akasubiri niongeze neno. Nilimpa jina la mshauri wa hospitalini, nikamwambia anaweza kwenda mwenyewe wakati wowote, hata bila mahakama. Nilipokuwa nasema niliyaona mabonde na mito kati ya Machame na hospitali, nikaona na babu ambaye angemwuliza anakwenda kutibiwa nini. Akasema asante, mama. Wakashuka ngazi, babu amemwekea mkono begani.

Sikukaa kimya, msinifikirie hivyo. Nilimfuata fundi wa Majengo nikamwomba amchukue kijana hata kwa kusalimia tu, likizo moja, mbili. Alizima mashine yake ya kuchomelea, akavua miwani, akaniambia alikuwa tayari, na kwamba alishapiga simu Machame. Mzee alimjibu kwamba mahakama ya serikali imesema mtoto hakufanya kitu. Leo akihama, watu watauliza anakimbia nini. Kumpeleka Majengo kungekuwa kusema mahakama na isale vyote viwili vimedanganya. Fundi akainua mabega, akawasha mashine, na mimi nikasimama pale nikitazama cheche mpaka macho yakauma. Neno la mahakama nililolitaka sana sasa lilikuwa limegeuka ushahidi dhidi yangu.

Nilimfuata hata hakimu ofisini kwake. Hakuwa na la kunisaidia, na hakujifanya analo. Aliniuliza tu, kwa ile sauti yake ya chini, kama kuna siku nimewahi kuona sheria ikifuatwa vizuri hivyo na kuwaacha watu vibaya hivyo. Nilimwambia nimeona, na kwamba ananiuliza kwa sababu bado ni mgeni.

Baadaye nilipanda tena Machame, safari hii bila faili. Kisheria sikuwa na cha kufanya kule, nilienda kama jirani wa mbali. Kihamba kilikuwa shwari. Kahawa ilikuwa inaiva, mzee ananoa panga, mvulana amebeba mzigo wa majani kichwani, akanisalimia shikamoo akapita haraka. Mzee akaniambia nione mwenyewe, hakuna ugomvi, hakuna aliyenuniana na mwenzake. Ilikuwa kweli. Nyumba ya juu mama wa msichana alikuwa anaanika maharage peke yake. Nilimwuliza mtoto yuko wapi.

Alisema amempeleka Holili, kwa mdogo wake anayefanya biashara mpakani. Alijaribu kumlinda yeye mwenyewe kwa muda. Alienda naye mtoni, alienda naye shambani, alimpeleka shule na kumfuata, mpaka maziwa yakaanza kuchelewa na mumewe akaanza kulalamika kwa simu. Mmoja kati ya watoto wale ilibidi aondoke, akasema, na mahakama ilishasema si yule. Aliendelea kuanika maharage, akiyatandaza kwa kiganja, moja moja, ingawa yalikuwa yameshatandazika.

Holili nilifika kwa shughuli nyingine ya kazi, nikauliza nyumba. Mama mdogo wake alikuwa dukani. Msichana alikuwa uani, kwenye vumbi na jua la kule chini ambalo watoto wa mlimani hawalizoei, anafua soksi zake za shule kwenye beseni. Alinitambua. Aliniamkia, akakausha mikono kwenye sketi, akaniletea kigoda. Tuliongea habari za shule yake mpya, za mwalimu anayechapa, za paka wa mama mdogo. Nilimwuliza kama analala vizuri, akasema analala. Kisha akasogea karibu, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, na kuuliza swali ambalo ni wazi alikuwa amelitunza kwa ajili ya mtu wa mahakamani.

"Nikiwa na tabia nzuri, hakimu ataniruhusu nirudi nyumbani?"

Nilimwambia hakimu hakumleta pale. Nilimwambia hajafanya kosa lolote, nikarudia, na nikaona ananisikiliza kwa adabu ileile ya barazani. Akauliza, basi ni nani aliyemleta. Nikafungua mdomo kumtajia, nikakosa hata mmoja, maana kila mmoja wetu alikuwa amefanya kazi yake.